Nimekula kuku na mama mkwe ndani ya miwani ya VR, na mpaka leo sijui kama nimevunja mwiko

Wakuu, habari za mchana. Wa Busia, wa Tororo, wa Malaba, na nyinyi wa Dar na Mombasa mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata like, nawasalimu wote.

Naandika hiki kisa kichwa kikiwa kimenizunguka. Sijakitia chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana mke wangu ana simu, na ana mashangazi watano wenye simu. Ukiona ni chai, acha kikombe mezani uende zako, sitakufuata.

Mimi ni mtu wa Osukuru, upande wa Tororo, lakini kazi yangu iko Busia, upande wa Uganda, kwenye ghala moja la nafaka. Nina miaka kumi na mbili pale. Kiswahili changu ni cha mpakani, nimekiokota kwa madereva na wanunuzi wa mahindi, kwa hiyo wale walimu wa sarufi mnisamehe mapema.

Kazi yangu ni kukagua mahindi. Nachoma gunia na bambo, kile chuma chenye tundu, punje zinatoka, naziangalia, nauma moja, nakuambia kama yamekauka au bado. Ofisini kuna kimashine cha kupima unyevu. Kinakuja kuthibitisha tu nilichokwisha kusema.

Sasa mkuu wa ghala anastaafu. Kila mtu pale anajua anayefaa ni mimi, hata yeye mwenyewe anasema hivyo.

Shida ni moja. Mkuu wa ghala ndiye anaongea na wakaguzi na wanunuzi wa mbali, na anaongea Kizungu. Kwa hiyo interview ni ya Kizungu, ya mdomo, mbele ya watu watatu.

Nilishaingia interview mbili za namna hiyo, za kuwa msaidizi wake. Mara zote mbili nimekaa kwenye kiti, nimeulizwa "tell us about yourself", mdomo ukafunga. Si kwamba sijui. Kizungu nasoma, redio nasikiliza, naelewa. Kukitoa nje ndiyo kazi. Jasho linatoka, Kizungu hakitoki.

Safari hii bosi, mwenye ghala, aliniita akaniambia wazi: "Hii ndiyo ya mwisho. Ukinyamaza tena, naleta mtu kutoka Kampala, na wewe ndiye utamfundisha kazi."

Nimfundishe kazi! Mtu ambaye hajui hata harufu ya mahindi yaliyoanza kuvunda!

Basi.

Nyuma ya soko kulikuwa kumefunguliwa kituo, chumba kimoja na baraza, wanafundisha kuongea Kiingereza kwa VR. Kwa asiyejua: ni miwani mikubwa inayofunika macho yote, unavaa, inafuata mikono yako mitupu, halafu unajiona uko mahali pengine kabisa. Ukigeuza kichwa unaona nyuma yako. Ukiongea, mtu aliyevaa miwani yake mji mwingine anakusikia. Mnaonana, lakini si sura zenu, mnaona katuni.

Mwalimu ni dada wa upande wa Kenya, Madam Nekesa. Huyo anaongea Sheng mpaka na wazee wa kanisa.

"Mzee, usistress," akaniambia. "Huko ndani hakuna mtu anakujua. Ata ukibonga broken, nani atakucheka?"

Nina miaka thelathini na tisa. Hilo "mzee" nikalimeza.

Siku ya kwanza niliwekwa airport. Mimi sijawahi kufika airport hata ile ya kweli. Katuni moja ya Mzungu ikaniomba passport, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali yangu, nikatoa kitambulisho cha taifa nikawa nakionyesha hewa. Watu wa kwenye benchi walicheka mpaka mama wa chapati akaja kuchungulia.

Halafu nikaangalia chini nijue nimesimama juu ya nini.

Wakuu, sina miguu!

Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Nikapiga kelele. Madam Nekesa akasema ni kawaida, mashine inajua kichwa chako kilipo na mikono yako ilipo, miguu haiijui, kwa hiyo huko ndani watu wote wanaelea tu. Sikuipenda hiyo habari hata kidogo.

Sauti nayo inabadilishwa, ili wenye haya wasijulikane. Na hutumii jina lako. Mimi nikajiita Captain. Msiniulize kwa nini.

Baada ya wiki moja nikapewa partner kutoka kituo chao cha Tororo. Huko ndani aliitwa Queen. Katuni ya dada mwenye gauni jekundu na nywele zimepanda juu.

Hapa niseme ukweli, maana niliahidi. Kichwani nilimchora dada wa Tororo mjini, mwenye saluni pengine, kucha ndefu. Nikaanza kuchana nywele kabla ya kwenda darasani. Nikapaka na marashi, ingawa kule ndani hakuna pua.

Mke wangu Athieno akanitazama akauliza, "Baba Owor, hayo mahindi siku hizi yanataka perfume?"

Hakukuwa na ubaya wowote, wakuu. Hata Kizungu chenyewe cha kutongozea sikuwa nacho.

Lakini kuna kitu kilinishangaza. Kizungu changu kilikuwa kidogo mno, hakikutosha kudanganya. Kwa Kiswahili naweza kuzunguka. Kwa Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, ndiyo usiseme, nitakuzungusha mpaka usahau ulichouliza. Kwa Kizungu nilikuwa na neno moja tu kwa kila kitu, na hilo neno lilikuwa la kweli.

Siku Queen aliponiuliza kwa nini najifunza, nikajikuta namwambia yote. Kwamba zamani nilijaribu Kizungu nyumbani. Kwamba mke wangu, ambaye amefika Senior Four, alicheka. Watoto wakaona mama anacheka, wakacheka na wao. Toka siku hiyo mdomo una kufuli.

Queen akasema, "I am not laugh."

Sentensi mbovu hiyo, najua. Lakini nilikaa nayo kutwa nzima. Nilikuwa nachoma magunia na bambo huku nairudia.

Na yeye akaniambia yake. Ana wajukuu wa mjini. Wakija kumtembelea wanaongea Kizungu wao kwa wao, wanacheka, na yeye amekaa pale kama chungu. Hajui wanasema nini, hajui wanamcheka yeye au la. Ndiyo maana anajifunza, awasikie.

Nilikasirika kwa niaba yake! Nikamuuliza, baba wa hao watoto yuko wapi? Kwa nini hawafundishi lugha ya nyumbani? Nikamwambia kwa sauti kubwa, darasa zima lilisikia: "That father is not serious!"

Akakubali. "Not serious," akasema. Tukamsema vizuri sana huyo baba.

(Najua mshaelewa. Kichwa cha habari mmekisoma. Tulieni.)

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, nieleze. Kwetu Jopadhola mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Hamuangaliani usoni. Ukifika kwake yeye anapitia nyuma ya nyumba, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Salamu zinapita kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima, na watu wa rika langu bado tunaishika.

Nina miaka kumi na moja kwenye ndoa. Mama mkwe wangu yuko Molo, hapo hapo upande wa Tororo. Ukiniuliza ana sura gani, nitakuambia ana lesu ya kijani. Sauti yake nimeisikia kwa mbali akiita kuku.

Sasa, kueleza heshima yote hiyo kwa Kizungu changu, nilimwambia nini Queen? Nilimwambia, mama wa mke wangu hanipendi. Nikija, anakimbia.

Alicheka sana. Akasema labda anakimbia kwa sababu anakupenda.

Halafu akasema na yeye ana mume wa binti yake. Miaka kumi na moja. Anajua viatu vyake tu.

Wakuu, msinitukane. Nusu ya akina mama wa Tororo wangeweza kusema maneno hayo hayo. Sikuunganisha kitu.

Basi tukaenda hivyo wiki saba. Clinic tumeenda, benki tumeenda, polisi tumeenda kuripoti begi lililopotea. Restaurant tumekula mara nne, ni katuni ya kuku na viazi, unaokota kwa mkono unapeleka mdomoni, inapotea. Nilikuwa namwekea mimi sahani. Paja nampa yeye. Kufuli lilikuwa limeanguka, nilikuwa naongea kama maji.

Nimerudi, umeme ulikatika. Naona kuna jamaa ameandika hapo chini "kwani sauti ya mkwe hukuitambua?" Kaka, nimeshasema mashine inaibadilisha, na huyo mama sijawahi kusikia akisema zaidi ya "kut kut kut". Soma vizuri.

Mwisho wa kozi kukawa na mtihani, Tororo. Sisi wa Busia tuliletwa, tukawekwa chumba cha mbele. Wa Tororo walikuwa chumba cha ndani. Madam Nekesa alikuwa na mpango wake aliouona mtamu: tuvalishwe miwani kwanza, halafu tushikwe mkono tupelekwe ukumbini, kila mtu akae kwenye kiti mbele ya partner wake. Tukimaliza tunavua miwani pamoja, tunaonana kwa mara ya kwanza, na yeye anarekodi na simu.

Sikujua. Nilijua nakaa kwenye kiti, basi.

Ndani ya miwani, masikio yamezibwa na spika zake, tulikuwa restaurant. Tukaagiza, tukala, tukaongea habari za kazi. Niliongea wakuu! Nilimweleza jinsi ya kujua hindi lililokauka kwa kuuma. Mwisho mtihani unataka muagane. Queen akanyoosha mkono, nikanyoosha wangu.

Nikahisi mkono.

Si wa katuni. Mkono wa mtu, wa moto, mgumu, mkono wa jembe. Nakumbuka niliwaza, huyu si wa saluni.

"One, two, three, toeni miwani!" Madam Nekesa akapaza sauti.

Nikatoa. Mbele yangu ameketi mama mwenye lesu ya kijani.

Yeye hakuniangalia usoni. Alitoa miwani na macho yake yakaenda chini moja kwa moja, kwa mazoea. Akaona viatu vyangu. Vile vya kazini, cha kushoto kimepasuka ubavuni nimekishona na uzi wa nyavu.

Akapiga ukelele. Akajifunika lesu kichwa kizima, akageukia ukuta.

Mimi nikasimama nikimbie. Mlango uko upande wake. Nikipita nampita karibu. Nikazunguka nikaona dirisha, madirisha ya pale yako chini, nikaruka.

Nyuma nasikia Madam Nekesa, "Ai! Kwani ni nini? Mnajuana?"

Mtihani ukawa umekufa hapo. Nilirudi Busia, interview ikiwa imebaki siku kumi.

Na kilichonitisha ni hiki: kufuli lilirudi. Nilienda darasani Madam Nekesa akanipa partner mwingine, kijana mzuri tu. Nikavaa miwani, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Akanipa mwingine. Hakuna. Kila nikianza sentensi ya Kizungu naona lesu ya kijani imegeukia ukuta, nakumbuka nilimwambia mama mkwe wangu kwamba binti yake hunicheka. Na kwamba yeye hanipendi. Na siku moja, Mungu anisamehe, nilimwambia "you have good voice".

Niuweke wapi mimi uso wangu?

Nikaenda kwa baba mdogo wa Athieno, katekista, mtu wa kufikiri. Nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa anaziba pancha ya baiskeli.

"Huyo kuku mlimla kweli?" akauliza.

Nikamwambia, hapana, ni picha.

"Ulisikia ladha?"

Hapana.

"Ulishiba?"

Hapana, baba.

"Basi hamkula," akasema. Nikashusha pumzi. Akafikiri. "Lakini ulimwekea sahani. Paja. Ulijua unampa mtu paja."

Ndiyo.

"Mh. Na mkono ulikuwa na joto?"

Nikamwambia wa kwenye picha hauna joto, ila ule wa mwisho ulikuwa nalo.

Akaweka gundi chini. Akaniambia hajui. Akasema wakwe wakiwa vipofu wote wawili wakagongana njiani, hilo linajulikana, hakuna kosa. Lakini wakwe wanaoona, waliojifunga macho kwa hiari yao ili waone mahali ambapo hawapo, hilo hajawahi kulisikia. Akaomba siku moja nimpeleke akaione hiyo mashine.

Shangazi mmoja wa Athieno yeye hakufikiri hata dakika. Akasema mwiko umevunjika na mimi sina haya. Shangazi mwingine akasema hamna kitu, ule ni mchezo wa watoto. Wakanuniana wao kwa wao.

Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Athieno naye? Siku ya kwanza nilipomwambia alicheka mpaka akashika tumbo. Siku ya pili simu yake ikalia, ilikuwa Molo. Aliongea na mama yake muda mfupi tu. Akarudi amekaa kitandani, hacheki.

"Mama amesema kitu kimoja," akaniambia. "Amesema nisikucheke."

Aliinuka akaenda kuchochea moto, na nilimwona anajifuta macho na mkono wa gauni, na moshi haukuwa mwingi kiasi hicho.

Zikiwa zimebaki siku sita, ikaja ujumbe kupitia kwa Athieno. Mama anasema Jumamosi tuje Molo. Mama atakuwa ndani ya jiko, anabambua karanga. Ukuta wa jiko ni wa udongo, haupitishi jicho. Baba Owor anaweza kukaa nje na kigoda, ageukie barabara. Akitaka kuongea na barabara kwa Kizungu, nani atamkataza?

Nilisoma ile message mara tano. Inaruhusiwa? Hairuhusiwi? Mtu wa tatu yuko wapi? Athieno akasema mtu wa tatu ni ukuta.

Nikaenda.

Nikakaa kwenye kigoda nimeupa ukuta mgongo. Mbele yangu barabara, mbuzi amefungwa, mtu anapita na baiskeli. Nyuma yangu nasikia maganda ya karanga yanapasuka. Nimevaa shati la kanisani kwa ajili ya ukuta. Nilijiona mjinga kweli.

Ukuta ukauliza, "Tell us about yourself."

Bila mashine sauti yake ni nzito, ya mtu mzima, si ya Queen kabisa. Jasho likaanza. Mdomo ukafunga. Karanga zikanyamaza, anasubiri. Mbuzi ananiangalia. Nikawaza, basi, hata hapa imeshindikana, nitamfundisha kazi mtu wa Kampala.

Ukuta ukasema polepole, "I am not laugh."

Sijui nielezeje wakuu. Macho yalinilowa barabarani mchana kweupe. Nikaanza. Jina langu, kazi yangu, miaka yangu kumi na mbili. Nilikosea, nikarudia, nikaendelea. Karanga zikaanza kupasuka tena.

Tukafanya hivyo Jumamosi na Jumapili. Alikuwa ananiuliza maswali ya mabosi anayoyabuni mwenyewe, mengine magumu kuliko ya bosi mwenyewe. Mara moja, Owor na dada yake wakapita wakikimbizana na kupigiana kelele kwa Kizungu, ukuta ukakohoa ukasema, "That father is not serious."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaita watoto nikawaambia waingie jikoni wamsaidie bibi kubambua, na mle ndani Kizungu marufuku, watasema Dhopadhola hata kama ni maneno matatu. Wakaingia wamenuna. Baada ya muda nikasikia wanacheka, na yeye anacheka nao.

Tulipokuwa tunaondoka ndipo aliposema, kwa lugha yetu, kama anajisemea tu:

"Kule hukuwa na miguu. Ungekuwa na miguu ningekujua siku ya kwanza."

Nikaiaga barabara.

Asubuhi ya interview Athieno akaniletea mfuko. Ndani kuna viatu vyeusi vya ngozi, mtumba wa maana, vimepigwa rangi vinang'aa. Nikavaa, vikaingia sawasawa. Nikashangaa kidogo, maana Athieno alishaninunulia viatu mara mbili na mara zote mbili vilibana nikampa kaka yangu. Lakini mtu anaenda kwenye interview ya mwisho, ataanza kuhoji viatu? Nikamshukuru nikaondoka.

Watu watatu, meza moja. "Tell us about yourself."

Mdomo ukaanza kufunga. Niliusikia kabisa unafunga. Sikuweza kuwaangalia usoni, nikageuza macho dirishani, kuna barabara, malori yamepanga foleni ya mpaka. Nikaongea na barabara.

Mzee mmoja katikati akaniuliza kwa nini siwaangalii. Nikamwambia kwa Kizungu, sir, kwetu mtu unayemheshimu humkodolei macho. Akatikisa kichwa akaandika. Sijui aliandika nini.

Nimepewa, wakuu. Miezi mitatu ya majaribio, halafu wataangalia. Mtu wa Kampala abaki Kampala.

Jumamosi nikaenda Molo kushukuru. Kigoda kile kile, mgongo kwenye ukuta. Nikasema, "Mama, I passed."

Karanga zikasimama. Nikadhani analia, au nimekosea tena kitu. Halafu akauliza, kwa Dhopadhola, sauti ya chini:

"Vinabana?"

Sikuelewa. Nini kinabana?

Nikaangalia chini.

Nikamwangalia Athieno, amesimama pale kwenye kamba ya nguo, anaangalia kando. Hakuna mtu aliyemuuliza saizi yangu. Hakuna mtu aliyehitaji kuuliza. Miaka kumi na moja yule mama, kila nilipokuja, ameinamisha kichwa akaangalia miguu yangu tu.

Nikajibu, "Hapana, mama. Havibani."

"Haya," akasema. Karanga zikaendelea.

Wakuu, hapo ndipo nilipo. Nilichojifunza sijui kama ni somo: nilikuwa namlalamikia mtu kwamba hanioni, kumbe alikuwa ananiona kwa namna aliyoruhusiwa. Mengine yote bado giza. Kuku wa katuni ni kuku? Mkono ule unahesabika? Na ukuta je, nao ni miwani? Baba mdogo anasema hajui, mashangazi hawasalimiani mpaka leo, na Madam Nekesa ananiomba ruhusa aitumie ile video, nimemkatalia.

Wajuzi wa mila, walimu, walioolewa na waliooa mpakani, njooni mnisaidie. Matusi wekeni mwisho, ushauri uanze.

Mimi kwa sasa nina uhakika na kitu kimoja tu. Viatu havibani.